Wadudu wa Kituo cha Chini

Alhamisi, 5 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua utaanza kwa kunung'unika kwamba siandiki mpaka niwe na shida. Basi leo nimekukomesha: sina shida, nina furaha. Boksi lililokuja na barua hii lina vichupa kumi na viwili. Usilifungue mezani ukiwa unakula, maana nakufahamu.

Ni wadudu wa mtoni. Wanafunzi wangu wa darasa la tano wamewavua wenyewe kwa machujio ya jikoni waliyoyachukua kwa mama zao bila ruhusa. Mpaka sasa nimepokea malalamiko matatu. Ni ile kazi uliyonieleza ulipokuja likizo. Shule haina uwezo wa kununua dawa za kupimia maji, kwa hiyo tunawatazama wanaoishi humo. Wapo wasiovumilia uchafu hata kidogo, na wapo ambao hata uwamwagie taka wataendelea na shughuli zao. Watoto wamewapa majina. Yule mwenye mikia mitatu, ambaye maji yakichafuka kidogo tu anakufa, ni Mikia. Yule anayejijengea nyumba ya punje za mchanga na kutembea nayo ni Mwenye Nyumba. Na ile minyoo myekundu ya kwenye tope, isiyojali kitu, inaitwa Sugu. Sasa mtoto akigombezwa na hasikii, wenzake wanamwita Sugu. Hilo sikulifundisha mimi.

Nikueleze kwa nini kazi hii si mchezo. Ofisi ya maji imekubali kutuwekea pampu. Watoto mia tatu na arobaini watakunywa maji hayo na chakula chao kitapikiwa hayo hayo. Pampu inaweza kukaa Juu, kwenye daraja la mbao, lakini huko itabidi kuchimba mtaro mrefu kwenye mawe. Au ikae Chini, hatua ishirini tu kutoka jikoni. Mwalimu Mkuu anataka Chini. Mimi nilikuwa na wasiwasi, kwa sababu Chini ni baada ya bomba la karakana ya kutia nguo rangi. Akaniambia, "Haya, wacha hao wadudu wako waamue." Taarifa itasomwa kwenye mkutano wa wazazi tarehe mbili Aprili.

Dada, nilikosea kuogopa. Wiki mbili mfululizo tumewakuta Chini! Leo tumepata Mikia kumi na mmoja na Wenye Nyumba saba. Nina binti mmoja darasani tunayemwita Chiriku kwa maneno yake mengi. Baba yake ni fundi rangi pale karakana. Mwezi mzima alikuwa kimya mpaka nikaanza kufikiri anaumwa, lakini leo nilipotaja hesabu aliruka juu.

Naomba uwakague tu na utugongee muhuri wa maabara yako, ili taarifa yetu iwe na nguvu.

Mdogo wako,
Kitinda

*

Jumatano, 11 Machi

Kitinda,

Marahaba. Boksi nimelifungulia mezani na sijafa.

Vichupa vya Juu havina tatizo. Waambie watoto wamefanya kazi safi, hata maandishi ya kwenye karatasi zao yanasomeka kuliko ya vijana wangu hapa maabara.

Vichupa vya Chini vina neno. Nimewaweka Wenye Nyumba wako chini ya darubini, mmoja mmoja, wote saba. Kila mmoja amevaa mchanga mweupe wenye chembe zinazometameta, sawasawa na wale wa Juu. Sasa kwenye karatasi yako umeandika kwa mkono wako mwenyewe: "Chini ni tope jeusi, hakuna mchanga." Mdudu huyu hujenga kwa kile anachokikuta mlangoni pake. Naomba unisaidie: huyu wa Chini mchanga ameuagiza wapi?

Hawa walitoka Juu. Wadudu hao hawakupelekwa na mkondo, maana wangepita kwanza penye bomba la karakana. Walibebwa. Kuna mtu amewabeba.

Sipendi kuyasema haya, lakini nikinyamaza nitakuwa naogopa ugomvi tu. Nakumbuka kipima mvua cha baba. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, ukaona uvivu kutoka asubuhi, ukajaza daftari lake wiki nzima ya mvua ukiwa kitandani. Wiki ambayo hata umande haukudondoka. Tulipoulizwa nikachapwa mimi kwa kuwa ndiye mkubwa. Nilikusamehe zamani. Lakini kama Mwalimu Mkuu anakubana na umeona njia ya mkato, niambie, tutatafuta la kufanya. Muhuri wangu siuweki kwenye kitu hiki halafu watoto mia tatu na arobaini wakanywe.

Dada yako

*

Jumatatu, 16 Machi

Dada,

Shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara tatu, kila mara nikitumaini kwamba mwisho wake utakuwa mwingine. Nina miaka thelathini na minne. Nimefundisha miaka kumi. Nimeshika chaki hii mpaka vidole vimekauka, na bado kwako mimi ni yule mtoto wa kitandani. Sawa.

Sikumbeba mdudu hata mmoja. Mwalimu Mkuu hajanibana. Nilisimama ukingoni kwa macho yangu mawili, na watoto thelathini na nane walikuwepo, na machujio yalitoka na Mikia ndani yake. Labda kuna mchanga chini ya lile tope. Labda wadudu wa huku hawajasoma vitabu vyako.

Leo niliwasomea darasa kile kipande chako cha nyumba na mchanga, hayo mengine nikayaruka ili nisiaibike. Walikaa kimya kabisa. Hata Chiriku, ambaye alikuwa amerudiwa na maneno yake, aliomba ruhusa akatoka nje. Naona umewavunja moyo watoto pamoja na mwalimu wao.

Taarifa nitaisoma tarehe mbili, muhuri uwepo usiwepo.

Mdogo wako

*

Jumanne, 17 Machi

Kwa Mama wa Maabara,

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa darasa la tano, wananiita Chiriku. Anwani yako nimeitoa nyuma ya bahasha iliyokuwa juu ya meza ya mwalimu. Sikuisoma barua, nilisoma bahasha tu.

Usimkasirikie mwalimu wetu. Jana alikuwa anatusomea barua yako na macho yake yalikuwa mekundu. Wadudu niliwabeba mimi.

Nilimsikia baba akimwambia mama kwamba watoto wa shule na vidudu vyao watasababisha karakana ifungwe. Mama akasema basi tumekwisha. Ndipo nikafikiria kuwapeleka. Kila Alhamisi nawahi kabla ya kengele, nakwenda darajani na kikombe, nawatoa kwenye mawe, nawapeleka Chini na kuwamwaga pale tutakapovua. Hawajambo kabisa tukiwavua.

Lakini nilitaka wakae kabisa, ili isiwe uongo. Wakikaa si inakuwa kweli? Nikachukua kopo nikalitoboa matundu mengi kwa msumari, nikaweka wengine ndani, nikalifunga kwa kamba kwenye mizizi, nikalizamisha. Nilidhani wakizoea nitawafungulia. Hawajazoea bado. Mwalimu ametufundisha kwamba ukitazama kitu ukaacha kuandika ni sawa na hujatazama, kwa hiyo niliandika. Nakunakilia:

Alhamisi nimeweka Mikia kumi. Ijumaa asubuhi hai kumi. Jumamosi wamekufa wote.
Jumatatu nimeweka kumi na Wenye Nyumba watatu. Jumanne asubuhi hai wote. Jumatano wamekufa wote.
Alhamisi nimeweka kumi. Ijumaa asubuhi hai tisa. Jumamosi wamekufa wote.
Jumatatu nimeweka kumi na wawili. Jumanne asubuhi hai kumi na wawili. Jumatano wamekufa wote.

Yamejaa kurasa mbili, yote yanafanana. Nilifikiri kosa ni langu, labda nawashika vibaya.

Miguu inaniwasha na imetoka vidonda. Mama nimemwambia ni viatu.

Naomba usimwambie mwalimu. Naomba pia unieleze jinsi ya kuwafanya wakae.

Wako mtiifu,
Chiriku

*

Jumamosi, 21 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na saba, na barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kwa sababu kiti nilikisahau.

Kwanza miguu. Usiingie tena majini pale Chini, hata mara moja, hata kwa kikombe. Leo hii mwoneshe mama yako vidonda na umwambie vimetoka wapi. Hili siombi, nakuagiza.

Pili, wadudu. Hukuwashika vibaya. Mtu anayewashika vibaya wanamfia siku ileile, lakini wako walilala wakaamka salama. Wanakufa baada ya Jumanne na baada ya Ijumaa. Kuna kitu kinaingia majini siku hizo mbili. Kumbe hata ukiwapeleka elfu, hawatakaa. Hakuna namna, mwanangu. Ningeijua ningekuambia.

Tatu. Kuwamwaga pale ili wenzako wawavue ulikosea, na unajua. Lakini lile kopo lako lenye matundu ni jambo ambalo watu wazima wenye vyeti hulifanya kwa makusudi: huwachukua wazima, huwaweka mahali wanapopatilia shaka, hurudi kuwatazama. Wewe ulitaka kuyasafisha maji kwa uongo, na huku unaandika ukweli wote kila asubuhi. Sijapata kuona kitu kama hicho. Daftari hilo ndilo kipimo bora kuliko vyote vilivyofanywa kwenye mto wenu, na linaweza kuwazuia wenzako wasinywe maji hayo.

Mwalimu wako sitamwambia. Hilo ni lako. Lakini ikifika tarehe moja Aprili hujasema, nitasema mimi. Nakuambia mapema usije ukafikiri nimekuzunguka.

Kuhusu baba yako, sijui itakuwaje. Nikikwambia hatapata shida nitakuwa nakudanganya.

Ni mimi,
Mama wa Maabara

*

Jumamosi, 21 Machi

Kitinda,

Nilikukosea. Hukubeba mdudu, na nilipaswa kujua hivyo kabla ya kushika kalamu. Hadithi ya kipima mvua nimeizika leo, na ukinisikia naifukua tena una ruhusa ya kunikatia salamu.

Usiniulize nimejuaje. Ninalokuomba ni hili: taarifa usiipeleke kokote kabla ya tarehe moja. Na mtoto akija kwako na daftari, msikilize mpaka mwisho kabla hujafungua mdomo. Najua ni kazi nzito kwako.

Nisamehe, mdogo wangu. Nakupenda kuliko ninavyojua kuandika.

Dada yako

*

Jumamosi, 4 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nilikusamehe mlangoni pa posta, hata kabla ya kumaliza kusoma. Sasa kaa kitini, safari hii usisimame.

Alikuja Jumatatu, baada ya masomo, nikiwa nafuta ubao. Miguu yote miwili imefungwa kitambaa ndani ya soksi. Akaweka daftari mezani akasema, "Mwalimu, wewe soma, mimi nitazame dirishani." Nilisoma. Sikufungua mdomo, na si kwa ajili ya agizo lako. Nilikuwa nimewashangilia wadudu waliobebwa na mtoto mwenye vidonda, na nilitaka kuwanywesha wenzake maji hayo kwa kiburi changu cha kuwa na taarifa nzuri. Nililia, naye akanipa leso yake, mimi mwalimu mzima.

Mama yake alikuwa tayari ameelezwa habari ya vidonda. Baba alikuwa hajaambiwa, mama alishindwa. Tukakubaliana kwamba nitasoma mimi yale ya daftari, bila kutaja jina la mtu.

Basi Alhamisi mkutano ukajaa, madirishani watu, uani watu. Nikasimama nikasema taarifa ya kwanza ilikuwa na kosa, na kosa ni la mwalimu kwa kutotazama. Nikasoma: Alhamisi wamewekwa kumi, Ijumaa hai, Jumamosi wamekufa wote. Nikaendelea hadi mwisho wa kurasa mbili.

Msimamizi wa karakana akanyanyuka, mwekundu kama amepakwa moja ya rangi zake. "Hizi ni hadithi za kutunga! Nani kaandika huu uongo? Ajitokeze tumwone!"

Nikafungua mdomo niseme ni mimi. Kabla sijasema, Chiriku akasimama kwenye benchi la watoto. "Ni mimi. Na si uongo. Uongo ni ule wa kwanza, huu ni kweli."

Msimamizi akauliza, "Mtoto wa nani huyu?"

Pale nyuma mtu akasema, "Wangu."

Watu wakampisha. Alikuwa bado na nguo za kazi, mikono ya buluu mpaka viwiko. Akaja mbele taratibu, akaniomba daftari. Alilisoma akipitisha kidole kwenye kila mstari, mdomo ukimchezacheza. Halafu akasema, si kwa msimamizi wala kwangu, akiwa bado anatazama karatasi: "Jumanne na Ijumaa mchana. Hizo ndizo siku ninazofungua bomba. Miaka sita nalifungua mimi."

Kisha akamgeukia binti yake. "Ulikuwa unaingia humo?"

"Ndiyo baba."

"Kwa nini?"

"Ili usifukuzwe."

Dada, yule baba alipiga magoti pale mbele ya wazazi wote, akamvua soksi, akafungua kile kitambaa. Alivitazama vidonda hivyo muda mrefu. Hata msimamizi alikaa.

Afisa wa maji alifunga kikao kwa maneno machache: pampu itakaa Juu, na kesho yake angekwenda karakana. Wazazi wakaanza kugawana zamu za kuchimba mtaro kabla hawajatoka ukumbini.

Jana Ijumaa nilikwenda ukingoni mchana kutazama. Bomba halikufunguliwa. Nimekwenda leo tena nikalikuta kavu. Ninachokijua ni kwamba baba Chiriku aliondoka kazini jana saa sita na mfuko wake mkononi. Zaidi ya hapo sijui, na nina hofu kwa ajili yao.

Mdogo wako anayekupenda,
Kitinda

*

Jumatatu, 13 Aprili

Kwa Mama wa Maabara,

Shikamoo. Mwalimu amesema ninaweza kukuandikia tena na safari hii amenipa stempu yeye.

Mtaro umefika nusu. Wazazi wanachimba kila siku kwa zamu na sisi tunabeba mawe madogo. Mimi siruhusiwi kubeba, nahesabu tu waliokuja. Vidonda vimefunga vyote, kimebaki kimoja kwenye kisigino. Kila asubuhi baba ananipaka dawa.

Baba hayuko kazini. Ile Ijumaa alimwambia mwenye karakana kwamba halifungui bomba mpaka lichimbwe shimo la kuchujia. Mwenye karakana akamwambia aende nyumbani. Mafundi wenzake wawili walimfuata. Karakana haijafungwa. Ofisi ya maji imewaambia wachimbe shimo, na wameanza, lakini baba hajaitwa. Mama anashona nguo za watu. Tunakula vizuri, usiwe na wasiwasi.

Ninachokuandikia si hicho. Baba haongei. Akinipaka dawa anatazama mguu tu. Juzi nilimuuliza, baba umenikasirikia? Akasema hapana, amejikasirikia yeye. Nikamuuliza alijua kama rangi inaua. Akasema alijua inaingia mtoni, lakini kila siku aliyaona maji yanapita na kuondoka, akadhani yanaondoka nayo. Hakujua kwamba kuna wanaobaki.

Nimemwambia mimi simlaumu. Ananisikia lakini haamini, anasema mimi ni mtoto wake, lazima niseme hivyo.

Kwa hiyo naomba umwandikie wewe. Si lazima iwe ndefu. Mwandikie tu kwamba hakujua. Si uongo, nilimuuliza kwanza ndipo nikaandika. Barua itume shuleni, nitampelekea mwenyewe.

Wako mtiifu,
Chiriku